SAFARI ZA MIMEA, NA SISI TUICHUKUAYO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imeniomba niseme leo juu ya mimea: jinsi inavyoota, inavyozaa, na inavyoenea katika bustani na mwituni. Huenda mtu akajiuliza, Yatuhusu nini sisi watu wa kalamu na mafaili? Jibu langu ni fupi. Kwanza, ni wachache humu wasio na kijishamba nyuma ya nyumba, au shamba la wazee huko kwao. Pili, na hili ndilo kubwa, mtumishi wa Serikali ni mtu wa kuhamishwa. Mwaka huu yuko Tanga, mwaka ujao yuko Bukoba, na mwaka wa tatu hajui atakuwa wapi. Naye kila ahamapo hachukui vyombo na watoto peke yao. Huchukua pia vipande vya muhogo, machipukizi ya mgomba, na ua la mkebeni lililokuwa pambo la baraza yake.

Basi sisi tu miongoni mwa njia zinazosafirisha mimea, kama ulivyo upepo, na maji, na ndege. Tofauti ni moja tu: upepo hauulizwi ulichukua nini wala uliangusha wapi, bali sisi yatupasa kuweza kujibu. Hilo ndilo neno nililokuja nalo, na mengine yote nitakayosema ni ya kulieleza.

1. Mbegu na posho yake ya njiani

Tutwae punje moja ya hindi. Ndani yake mna mmea mdogo uliolala, na pamoja nao mna akiba ya wanga, mfano wa posho apewayo mtumishi aendaye safari. Punje ikipata maji, joto na hewa, huvimba. Mmea huamka, ukaanza kula posho yake. Mzizi hutangulia kushuka, ndipo chipukizi hupanda juu kuitafuta nuru. Jani la kwanza likiliona jua kabla posho haijaisha, mche umeokoka. Posho ikiisha chipukizi lingali chini ya udongo, mche hufa gizani.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuzika kila mbegu kwa kadiri ya ukubwa wake. Punje ya hindi yaweza kufukiwa kina cha vidole vitatu, maana akiba yake ni kubwa. Mbegu ya mchicha haina akiba ila chembe ndogo sana. Yataka kufunikwa kwa udongo mwembamba tu, kisha kunyunyiziwa maji kwa upole. Wengi hulalamika kwamba mbegu za dukani ni mbovu, kumbe ni wao waliozizika zisiweze kutoka.

Jani likisha kufunguka, mmea hujitegemea. Jani ni jiko la mmea. Kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho huvuta hewa ya ukaa. Mizizi hupeleka maji. Na kwa nguvu ya jua vitu hivyo viwili hugeuzwa kuwa sukari. Kutokana na sukari hiyo mmea hujijengea shina, tawi, tunda na mizizi. Wazee wengi waliamini kwamba mti hula udongo, lakini sivyo. Mti mkavu, sehemu kubwa sana ya uzito wake imetoka katika hewa na maji. Udongo hutoa chumvichumvi kidogo tu. Walakini kidogo hicho kikikosekana, jiko zima husimama, kama vile chakula kingi kisivyoweza kulika bila chumvi.

2. Njia mbili za kuzaa

Mimea ina njia mbili za kuendeleza ukoo wake. Ya kwanza ni mbegu, ambayo mara nyingi hupatikana kwa kukutana dume na jike. Ya pili ni mwili wenyewe: kipande cha shina, au chipukizi la mzizi, au hata jani, hugeuka kuwa mmea mpya. Tuanze na ya kwanza.

Kilele cha mhindi ndicho dume; hutoa vumbi la manjano ambalo wajuzi huliita chavua. Nyuzi zitokazo katika hindi changa ndizo njia za jike, na kila uzi mmoja huishia penye punje moja. Uzi usiopata chavua, punje yake haijai. Ndiyo sababu ya hindi lenye mapengo kama kinywa cha mzee. Aliyepanda mstari mmoja mrefu kando ya njia hupata mahindi ya namna hiyo, kwa kuwa upepo huipeperusha chavua ikaenda zake. Afadhali mistari minne mifupi iliyokaribiana kuliko mmoja mrefu.

Katika mipapai mingi ya kienyeji dume na jike ni miti mbalimbali. Dume halizai, na mwenye shamba hulikata kwa hasira. Akiyakata yote, majike nayo yaweza kukosa kuzaa. Mboga ya maboga ina maua ya kiume na ya kike katika utambaa mmoja, na kati yao mshenga ni nyuki. Mtu anyunyizaye dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, amemuua mshenga kabla ya posa, kisha hushangaa kwa nini viboga vichanga vinaoza na kuanguka. Mbuyu hufungua maua yake jioni, na mshenga wake ni popo, ambaye watu humfukuza kwa mawe.

Liko jambo lililotokea katika kisiwa cha Réunion, lionyeshalo jinsi mshenga alivyo wa lazima. Mvanila, ambao asili yake ni nchi za Meksiko, uliletwa kisiwani humo ukastawi na kutoa maua, lakini matunda haukutoa, kwa maana wadudu wa kwao hawakuja nao. Mwaka 1841 kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, ambaye baadaye aliitwa Edmond Albius, alionyesha namna ya kuinua kile kiwambo kilicho ndani ya ua kwa kijiti, na kuikutanisha chavua na jike kwa kidole gumba. Wakulima wa vanila wa Madagaska, wa Uganda na wa Bukoba wafanya hivyo hivyo mpaka leo, ua moja baada ya jingine. Kijana yule hakuwa na shule. Alikuwa na macho ya kutazama.

Watoto wa mbegu hawafanani wote na mzazi. Panda kokwa kumi za parachichi moja tamu, nawe utapata miti kumi yenye matunda mbalimbali, mengine mema na mengine ya hovyo. Kwa mwenye bustani hilo ni hasara, bali kwa ukoo wa mmea ni salama. Ugonjwa ukiingia katika watu wasiofanana, wako watakaokufa na wako watakaosalia.

3. Jinsi mbegu inavyosafiri

Mmea hauna miguu, wala haufai kuwarundika watoto wake wote chini ya kivuli chake. Kwa hiyo kila mmea umejipatia chombo cha safari.

Msufi na pamba hupanda upepo. Mnazi hupanda maji: kumvi lake ni merikebu isiyozama upesi, nayo huchukuliwa na bahari hata ufuko mwingine. Mkoko una hila iliyo bora zaidi. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikateremsha mche mrefu mfano wa mkuki. Ukianguka maji yakiwa yametoka, huweza kujichoma matopeni papo hapo, na maji yakiwa yamejaa, huelea mpaka upate pa kushika.

Mingine hupanda wanyama. Mpera huwalisha ndege na popo, nao hulipa nauli kwa kuziangusha mbegu mbali. Kishona-nguo hakimlishi mtu. Hushika suruali ya mpita njia kwa ndoana zake bila kumwomba ruhusa. Mmea huo kwao ni Amerika, na katika sehemu zenye joto ulimwenguni ni shida kuona shamba usilolifikia. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba miguu yetu ni vyombo vya kusafirishia.

Na mbegu nyingine husafiri, si kutoka mahali hata mahali, bali kutoka mwaka hata mwaka. Kiduha, lile gugu linaloinyonya mizizi ya mahindi na mtama, mche wake mmoja waweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo hulala udongoni, pengine zaidi ya miaka 10, zisiote mpaka zisikie harufu ya mzizi wa mahindi au mtama ulio karibu. Ndipo huamka, zikaushika. Mtu aweza kuzichukua katika matope ya jembe lake au ya viatu vyake, akaja kuziona baada ya kusahau zilikotoka.

4. Mmea unaozaa kwa mwili wake

Sasa tuje katika njia ya pili. Mgomba tunaoulima hauna mbegu. Huzaa kwa machipukizi yatokayo chini. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, kiazi kitamu kwa mashina yake yatambaayo, na muwa kwa pingili. Ndago, adui wa kila mwenye bustani, huunganisha viazi vidogo vidogo chini ya ardhi kwa mnyororo. Jembe likiukata mnyororo, kila kiazi hujiona huru, kikachipua. Mwenye kuilima ndago pasipo kuokota viazi vyake amefanya kazi ya kuipanda.

Katika lugha yetu wakulima wengi huviita vipande vya muhogo “mbegu ya muhogo”. Neno hilo latumika vema shambani, lakini linaficha jambo. Kipande si mtoto wa muhogo. Ni muhogo ule ule. Shamba zima lililotoka katika shina moja ni mmea mmoja uliosimama mahali pengi. Utamu wake ni mmoja na ukomavu wake ni mmoja. Na ugonjwa ukiweza kuuua mmoja, waweza kuua wote.

Faida ya njia hii ni kubwa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, aliyekuwa katika kazi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika Hamburg vikiwa hai vilikuwa 200, na vilivyofika Tanga ni 62. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Lakini juu ya mlingoti huo, maua yakiisha kuanguka, huota vichipukizi vingi sana, tayari kwa kupandwa. Kutokana na vile 62 yalitoka mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa tani zaidi ya 200,000 za katani, na katika miaka hiyo hapakuwa na nchi iliyotoa nyingi zaidi.

Karibu na wakati ule ule, mmea mwingine ulisafiri kwa njia hiyo hiyo, lakini ulikuwa ukitoka. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya huko Tanga, yaani mtumishi wa Serikali kama sisi, aliona ua dogo la rangi ya urujuani lililoota katika miamba yenye kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Jani lake moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mmea mpya, na kwa ajili hiyo limejaa madirishani mwa watu Ulaya na Amerika. Huko kwao, aina kadha wa kadha za ua hilo zimo hatarini, kwa sababu misitu inayozifunika imekatwa. Hivyo mmea waweza kuenea katika nchi zote na huku ukipungua nyumbani. Kuenea kwake na usalama wake si jambo moja.

5. Ugonjwa uliofichwa katika zawadi

Nimesema kwamba kipande cha muhogo ni muhogo ule ule. Basi kama muhogo ule ulikuwa mgonjwa, kipande nacho ni kigonjwa tangu siku ya kupandwa.

Ugonjwa wa batobato, ule unaoyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Unatokana na virusi, navyo huchukuliwa na inzi mweupe mdogo kutoka shamba hata shamba. Lakini safari zake ndefu, kutoka wilaya hata wilaya, hufanywa na mtu mwenye furushi la vipande.

Kuanzia miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walijitahidi kuupatia dawa. Dawa waliyoitafuta haikuwa ya chupa. Waliirudia ile njia ya kwanza ya kuzaa. Walilikutanisha ua la muhogo na ua la mpira wa Ceará, ndugu wa muhogo, ambao watu wa pwani huuita muhogo mpira na kula kisamvu chake. Wakapanda mbegu za kweli, wakachagua watoto wasioshikwa na ugonjwa upesi, wakawaoza tena na mihogo mitamu, kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1950 mbegu za ukoo huo zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ikapatikana mihogo yenye nguvu. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, baadhi ya mihogo iliyoletwa kuwaokoa wakulima ilikuwa wajukuu wa kazi ile ya Amani, waliorudi Afrika Mashariki kwa njia ya Nigeria. Iko basi safari ya mimea iliyoleta uzima, kwa sababu ilipimwa na kuangaliwa.

Lakini uko ugonjwa wa pili, nao ni mwerevu kuliko batobato. Huitwa michirizi ya kahawia. Storey aliutofautisha na ule wa kwanza mwaka 1936. Muhogo wenye michirizi ya kahawia waweza kuwa na majani yanayopendeza na shina lililonyooka; kumbe chini, mizizi imeoza kwa madoa makavu ya rangi ya kutu, hata mbuzi huikataa. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa pwani na nchi za chini. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika nchi ya juu, na tangu hapo umeenea pande za maziwa makuu. Fikirini maana yake. Mtu apewaye vipande siku ya kuagwa hatazami mizizi; hutazama shina. Akiona shina zuri hushukuru, akalifunga juu ya gari. Baada ya mwaka mmoja, huko alikohamia, ameitia njaa nyumba ya jirani asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wahenga walinena: Mchuma janga hula na wa kwao. Na jirani wa mahali ugenini ndiye wa kwetu.

Mgomba nao una lake. Mnyauko unaotokana na bakteria ulielezwa mwaka 1968 huko Uhabeshi, katika enset, ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ulikuwa umeingia Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani yake huwa na rangi ya kutu. Huenezwa na wadudu watembeleao ua la kiume lining'iniapo mwisho wa mkungu. Huenezwa na machipukizi. Na huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima. Wataalamu hushauri kulivunja ua lile mara chane la mwisho likisha kutokea, na kulivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, ili chuma kisibebe utomvu. Hapo mwenye elimu na asiye na elimu wako sawa. Kijiti hakina gharama.

6. Wageni waliotawala

Si ugonjwa peke yake unaosafiri kwa mikono yetu. Mara nyingine mmea wenyewe ndio msiba.

Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini. Ua lake ni zuri, la rangi ya zambarau hafifu, na ndilo lililowafanya watu walichukue nchi baada ya nchi kuwa pambo la madimbwi. Huzaa kwa njia zote mbili: hutoa machipukizi ubavuni, na eneo lake laweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi, tena hutoa mbegu zinazolala matopeni miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000; mitumbwi ilishindwa kutoka, na samaki walioza kabla ya kufika sokoni. Vifukusi walao mmea huo huo tu, walioachiliwa ziwani katika miaka ya 1990, walisaidia sana kulipunguza. Lakini halikwisha; kila mbolea ya mashamba na taka za miji zinapoteremka ziwani, hulikuta likingojea.

Msitu wa Amani nao una mgeni wake. Mti ambao Waganda huuita musizi ulipandwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa hukua upesi. Matunda yake yaliwapendeza hondohondo, nao wakazitawanya mbegu msituni. Miti ya asili ilipokatwa kwa ajili ya mbao, musizi ulizijaza nafasi zile kabla ya wenyeji. Si mti mbaya. Huko kwake Uganda na Bukoba una jamaa na una wapinzani, nao hukaa kwa adabu. Ubaya hauko katika mmea. Uko katika kuuweka mahali pasipo na wa kuupinga.

7. Yatupasayo

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuwakataza wanachama kulima maua au kupeana mimea. Karibu kila chakula chetu kilikuja kwa mkono wa msafiri: mahindi na mihogo kutoka Amerika, migomba kutoka Asia. Kama babu zetu wangalikataa kila mche mgeni, tungalikuwa na njaa. Nasema tu kwamba msafiri wa leo anajua mambo ambayo babu yake hakuweza kuyajua. Na ajuaye hudaiwa kuliko asiyejua.

Kwa hiyo natoa mashauri matano. La kwanza, anayehama asichukue vipande vya muhogo wala machipukizi ya mgomba kuyapeleka wilaya nyingine, ila yamekaguliwa na Bwana Shamba, na huko aendako aulize mbegu safi zinapatikana wapi. La pili, mbegu kavu za mboga, zilizotolewa katika mimea mizima na kupepetwa zikawa safi, zina hatari iliyo ndogo zaidi, tupeane hizo. La tatu, jembe, panga na viatu vioshwe matope kabla ya safari, na panga likisha kukata mgomba unaoshukiwa lipitishwe motoni. La nne, ua geni likae chunguni kwanza. Mwenyewe alitazame mwaka mzima: je, ndege wanalila? Je, linachipua penye kila kipande kilichoanguka? Likionyesha haraka ya kutoka nje, asilitoe. Na mmea wa majini usitupwe kamwe mtoni wala mferejini. La tano, tukifika mahali pageni, kabla ya kupanda tuwaulize wazee wa hapo. Wao wameuona udongo ule katika mvua na katika kiangazi. Sisi tumeuona tangu juzi.

Najua lililo gumu katika haya ni la kwanza. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na kuikataa zawadi ya jirani yafanana na kumkataa yeye mwenyewe. Lakini iko njia ya kutunza heshima ya pande mbili. Atakaye kumpa rafiki muhogo, na ampe uliopikwa, au kikapu cha makopa ya njiani. Atakaye kumpa mgomba, na ampe chane la ndizi zilizoiva. Na yule apewaye vipande aweza kusema kwa upole, “Ndugu yangu, nakushukuru, lakini huko niendako wana shamba zima ambalo nachelea kuliharibu.” Sidhani kama yuko mkulima atakayekasirika kwa neno hilo. Yeye ndiye ajuaye kuliko sisi shamba lililoharibika lina maana gani.

Mahali popote tulipowahi kutumwa, barua zetu na vitabu vyetu vya hesabu vitafungwa kabatini, na wachache watavifungua. Lakini mti tulioupanda nyuma ya nyumba ya Serikali utabaki ukitoa mbegu, na mwenye nyumba wa baada yetu, na jirani zake, watakula kivuli chake au hasara yake. Tafadhali tuuchague vema.

 Mwenye swali na aulize; na mwenye ujuzi wa shamba unaozidi huu wangu, naomba asimame atuongezee.